Waziri Mkuu na Supu ya Vichwa vya Samaki

Uvumi ulimkuta Otilia kwenye foleni ya mkate, Jumanne asubuhi, akiwa wa nne kutoka mlangoni. Wanawake watatu waliokuwa mbele yake walinyamaza ghafla, kila mmoja akaanza kutazama viatu vyake kana kwamba vimevaliwa na mtu mwingine. Frida muoka mikate, ambaye hakujaliwa uwezo wa kunyamaza, akamwambia huku akimfungia mkate kwenye karatasi:

"Mama Anselmi, pole sana. Nasikia mwanao wanataka kumfanya Waziri Mkuu."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Mimi nimesikia kwa mke wa mtu wa posta, na yeye hufungua barua, kwa hiyo hasemi uongo. Lakini usihangaike sana, mwenzangu. Siku hizi hawakai. Yule wa mwisho alikaa siku kumi na moja akarudi kwao mzima, isipokuwa sikio moja."

"Haina neno," alisema Otilia. Akachukua mkate wake, akaenda zake.

Aliosha vyombo, uvumi ukabaki. Akafua, akaanika, akaukuta uvumi unaning'inia kwenye kamba katikati ya soksi za Anselmi. Alipoketi kukamua maji ya jibini alikuta ameyakamua yote na bado anakamua kitambaa kitupu. Hakai, hasimami. Mwanawe akarudi kutoka kazini jioni, akala, akashukuru, akaenda kulala, na mama mtu hakuthubutu kumuuliza, maana alijua jibu atakalopewa. Lilikuwa jibu lake yeye mwenyewe.

Nchi ya Otilia iko huko Ulaya, upande wa milimani, mahali ambapo kwenye ramani huwa pamepitiwa na mkunjo wa karatasi. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu ina ubalozi, na ubalozi una watu wengi wasio na kazi. Ni nchi nzuri. Ina theluji, ina ng'ombe, ina vyama vitatu vya siasa: Chama cha Mlimani, Chama cha Bondeni, na Chama cha Katikati, ambacho ofisi zake ziko pembeni kabisa ya mji.

Katika miaka minne nchi hiyo ilikuwa imemaliza mawaziri wakuu tisa. Wa Mlimani alipingwa na Bonde, wa Bondeni alipingwa na Mlima, na wa Katikati alipingwa na wote wawili kwa umoja wa kitaifa uliowaliza wazee machozi. Mwishowe Bunge likakaa, likala, likakaa tena, likapitisha sheria moja fupi: Waziri Mkuu atakuwa mtu ambaye hajawahi kupinga kitu chochote.

Kumjua mtu wa namna hiyo hakukuwa kazi ngumu, kwani nchi ilikuwa na Daftari la Mapingamizi. Huo ni utaratibu wa huko, una miaka mia tatu. Raia yeyote anayepinga jambo lolote mbele ya watu, karani wa Daftari huja na kalamu yake akaliandika, pamoja na jina, mahali na hali ya hewa. Hakuna anayeadhibiwa. Linaandikwa tu. Madaftari yamejaza lililokuwa zizi la farasi wa mfalme, na farasi walipopinga kuhamishwa, nao waliandikwa. Frida muoka mikate alikuwa na kurasa kumi na nne peke yake, wa kwanza aliupata akiwa na miaka sita, alipopinga urefu wa ibada.

Tume ya Bunge ilisoma Daftari miezi saba. Katika nchi nzima ilikuta watu wazima wawili tu ambao majina yao hayamo. Wa kwanza alikuwa Anselmi, mwana wa Otilia, mpima maziwa katika kiwanda cha bondeni, umri miaka arobaini na moja. Wa pili alikuwa mwanamke fulani wa bonde hilohilo, na tume ikaona haina haja ya kujisumbua kuandika jina lake.

*

Kazi ya mpima maziwa ni kuchovya kipimo ndani ya kila kopo linaloletwa na wafugaji, kisha kusema kama maziwa ni mazima, yamechacha, au yametiwa maji. Kwa miaka kumi na tisa Anselmi hakuwahi kukataa kopo hata moja. Siku moja lililetwa kopo lenye samaki ndani. Anselmi alimtoa yule samaki, akamrudisha mtoni, akaandika: Yako sawa. Matokeo yake jibini la bonde lile lilikuwa jepesi kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti ukiliweka juu yake. Watalii walilipenda. Wenyeji walilila kimya.

Otilia alijua yalikoanzia hayo, na alikuwa amekaa nayo moyoni miaka thelathini na mitano bila kumwambia mtu.

Anselmi alikuwa na miaka sita. Walikuwa wamealikwa kwa shangazi yake, dada wa baba yake, mwanamke aliyekuwa akipika kwa fahari supu ya vichwa vya samaki na kabichi iliyochacha, supu ya rangi ya kijivu, inayoliwa ikiwa baridi, na vichwa vinaelea vikikutazama. Mtoto alitazama bakuli. Vichwa vikamtazama. Akasema kwa sauti safi kama kengele: "Sitaki."

Vijiko vyote vikasimama. Otilia uso ukamwaka moto. Mkono wake ukapita chini ya meza, ukamfinya mtoto paja, na mdomo wake ukamwinamia sikioni: "Mtoto mwenye adabu husema haina neno."

Mtoto akasema haina neno. Akala. Wakamwongezea, akala tena. Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia neno sitaki likitoka katika kinywa chake, na Otilia akasifiwa kanisani kwa kulea. Alizipokea sifa zile miaka yote. Alizipenda pia, hilo lisifichwe.

*

Waliokuja kumchukua walikuwa watu sita wenye kofia ndefu, wakiongozwa na Bwana Vendelini, Katibu Mkuu wa Serikali. Bwana Vendelini alikuwa ameajiriwa kutangulia kila jambo kwa maneno, na aliifanya kazi hiyo kwa moyo.

"Bwana Anselmi," alisema pale kiwandani, mbele ya makopo, "kwa kuzingatia kwamba, na kwa kuwa, na bila kuathiri yote yaliyotangulia, taifa linakuomba."

"Haina neno," alisema Anselmi, kipimo mkononi.

"Hujaambiwa bado linakuomba nini."

"Hata hilo halina neno, mzee."

Bwana Vendelini akatoa leso. Katika miaka thelathini ya utumishi hakuwahi kusikia jibu zuri namna ile.

Otilia alikuwa mlangoni. Kwenye ulimi alikuwa na maneno mengi, yamepangana vizuri kabisa: kwamba huyu ni mtoto wangu pekee, kwamba hajui kuchagua hata soksi, kwamba mtaniulia mtu. Akafungua kinywa.

"Chukua sweta," alisema.

*

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno. Siku ya kuapishwa kila chama kilimletea Waziri Mkuu tai ya rangi yake, na kila chama kikamwomba avae ya kwao. Akavaa zote tatu. Magazeti yakaandika kwamba enzi mpya imeanza, na vijana wa mjini wakaanza kuvaa tai tatu hata kwenye michezo ya mpira.

Kisha Waziri wa Viwanda akaja kuomba saa za nchi zisogezwe mbele ili watu waamke mapema. Haina neno. Mchana wake akaja Waziri wa Afya kuomba zirudishwe nyuma ili watu walale. Haina neno pia. Tangu hapo nchi ikawa na saa mbili, na garimoshi la kutoka bondeni likawa linafika mji mkuu kabla halijaondoka, jambo ambalo Shirika la Reli lililitaja katika ripoti yake kama ufanisi.

Halafu likaja suala la daraja. Miji miwili inayotazamana na mto, mmoja juu na mwingine chini, kila mmoja uliomba daraja lijengwe kwake. Anselmi akakubali kwa huyu, akakubali kwa yule. Mbao na mawe vilitosha daraja moja, basi kila mji ukapata nusu. Nusu ya kwanza inaanzia ukingo wa kushoto na kuishia katikati ya maji. Nusu ya pili inaanzia ukingo wa kulia, mwendo wa saa nzima kwa mguu kutoka ile nyingine, nayo inaishia katikati ya maji. Zote mbili zilizinduliwa kwa bendi. Bwana Vendelini alihutubia akiwa amesimama pale lilipoishia, upepo unampiga kofia.

"Wapo watakaouliza daraja hili linakwenda wapi," alisema. "Serikali inajibu: linakwenda."

Watu wakapiga makofi. Karani wa Daftari alizunguka na kalamu yake siku nzima, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alirudi nyumbani na wino uleule aliotoka nao, kwa maana kila aliyefika kulalamika kwa Waziri Mkuu alikubaliwa kabla hajamaliza. Huwezi kumpinga mtu ambaye ameshakubali.

Alipokwenda kwenye mkutano wa mawaziri wakuu wenzake wa Ulaya, walipanga kupiga picha. Wa kulia akamwambia, sogea kidogo. Akasogea. Wa kushoto akamwambia, sogea kidogo. Picha ilipotoka, wote wamo isipokuwa yeye. Frida aliibandika kwenye duka lake la mikate, akamchorea Otilia kwa kalamu mahali ambapo mwanawe angekuwa.

"Amependeza," alisema Frida.

"Amekonda," alisema Otilia, akiitazama nafasi tupu.

*

Mwezi wa tano ikaja barua yenye mihuri kumi na miwili. Otilia alisoma hadi darasa la nne tu, lakini alijua kusoma barua ya serikali: unaruka mwanzo, unaruka mwisho, unatafuta sentensi moja iliyofichwa katikati. Akaipata. Ilisema kwamba, kwa kuwa mwanawe hapingwi na mtu, Bunge limeamua kumfanya Waziri Mkuu wa Kudumu. Wa kudumu maana yake mpaka afe. Ataishi katika Mnara wa Taifa, ambamo jamaa wa karibu wataruhusiwa kumwona mara moja kwa mwaka, kutoka chini, kwa darubini itakayotolewa na serikali. Mama mzazi anaalikwa kuja siku nne kabla, kwa ajili ya maandalizi ya Chakula cha Nyumbani.

Hapo inabidi kueleza. Kwa desturi yao, mtu anayepewa cheo cha kudumu huulizwa mara tatu mbele ya Bunge: Unakubali? Akikubali mara tatu, imekwisha. Kati ya swali la pili na la tatu, mama yake huleta chakula alichompikia kwa mkono wake, naye hukila mbele ya watu, ili ithibitike kwamba ukubwa haujamsahaulisha alikotoka.

Otilia akafunga jibini moja kwenye kitambaa, akapanda garimoshi, akafika jana yake.

Alikaa katika chumba cha kungojea saa tano. Kila walipomwambia angoje kidogo alisema haina neno. Walipomwambia aingie kwa mlango wa nyuma alisema haina neno. Alipoingizwa mwishowe, alimkuta mwanawe amekaa kwenye kiti kikubwa, tai tatu shingoni, sweta lake juu yake, uso umepauka kama maziwa aliyokuwa akiyapitisha. Alikuwa amekula chakula cha jioni mara saba jioni iliyotangulia, kwa kuwa alikuwa amealikwa na watu saba.

"Mwanangu, hali yako?"

"Nzuri, mama. Haina neno."

"Unajua wanachotaka kukufanyia?"

"Wameniambia. Mnara una ngazi nyingi, ila wanasema hewa ni safi."

Akamsogelea, akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika zamani. "Nisikilize. Unataka kurudi nyumbani?"

"Haina neno, mama."

"Unataka kubaki hapa?"

"Haina neno."

"Anselmi. Wewe mwenyewe. Unataka nini?"

Alimwangalia mama yake kwa macho ya mtu aliyeulizwa njia katika mji ambao hajawahi kufika. Akafikiri. Midomo ikacheza. Kisha, kwa upole mkubwa, akauliza: "Wewe unapenda nitake nini?"

Otilia alikaa chini.

*

Akaamua kumfundisha. Alikuwa na asubuhi tatu, wakati wa chai, kabla wageni hawajaanza kuja kukubaliwa.

Siku ya kwanza alimtilia chumvi kwenye chai, vijiko vinne. Anselmi alikunywa yote, akasema imemkumbusha bahari. Siku ya pili alimwekea kiatu cha kushoto mguu wa kulia na cha kulia mguu wa kushoto. Alivaa, akaenda kukagua gwaride, na gwaride zima kwa heshima likabadilisha viatu. Siku ya tatu akaacha hila.

"Sema: sitaki."

"Kwa nini, mama?"

"Ni zoezi tu. Hakuna mtu hapa. Sema."

Anselmi alifungua kinywa. Ilitoka sauti kama ya mlango mbovu.

"Jaribu tena."

"Mama," alisema, na hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake, alitaka kujua tu, "nionyeshe basi linavyosemwa. Wewe hulisemaje?"

Otilia akavuta pumzi. Akatafuta. Akarudi nyuma mwaka baada ya mwaka kama mtu anayepekua kabati: mume wake alipotaka wahamie bondeni, shemeji alipotaka wamwite mtoto Anselmi, kasisi alipomtwisha kazi ya kufua nguo za kwaya. Kote alikuta neno moja limekunjwa vizuri, lilelile.

Bwana Vendelini akaingia na karatasi. "Samahani, mama. Kwa kuzingatia Chakula cha Nyumbani, jikoni wanauliza utapika nini. Wengi wa kabla yako walipika maandazi."

"Haina—" alianza Otilia, akaacha. Akatazama dirishani. Akamtazama mwanawe, anayejaribu kumenya yai bila kuliudhi.

"Niletewe vichwa vya samaki," alisema. "Na kabichi. Iliyochacha sana."

*

Bunge lilijaa mpaka kwenye ngazi. Mlima ulikaa kulia, Bonde kushoto, Katikati walikaa pembeni. Karani wa Daftari alikuwa kwenye meza yake ndogo kama inavyotakiwa kisheria, kalamu kavu, macho mazito. Frida alikuwa amefika na garimoshi la mapema mno, kwa hiyo alikuwa amengoja siku mbili.

Bwana Vendelini alihutubia. Alisema historia inasimama kwa mguu mmoja. Alisema mguu huo ni huu wa leo. Alisema mengi kuhusu huo mguu. Kisha akageuka.

"Bwana Anselmi, unakubali?"

"Haina neno."

Makofi.

"Bwana Anselmi, kwa mara ya pili, unakubali?"

"Haina neno."

Makofi, na bendi ikajiweka sawa.

Otilia akaletwa mbele na bakuli lake. Alilibeba kwa mikono miwili, na njia yote vichwa vilimtazama. Harufu ilitangulia. Safu ya kwanza ya Chama cha Mlimani ilivuta leso, lakini hakuna aliyesema kitu, maana karani alikuwa karibu. Akaliweka bakuli mezani mbele ya mwanawe, na kijiko kando yake.

Anselmi akalitazama. Rangi ikamtoka, kisha ikamrudia, kisha ikamtoka tena. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwa muda ule alikuwa na sita. Mkono wake mmoja, bila yeye kujua, ulikwenda pajani.

Kisha akafanya alichokuwa akikifanya maisha yake yote: akainua macho kumtafuta mama yake usoni, asome kule jibu.

Otilia aliona macho yale yanakuja. Kitu rahisi kuliko vyote duniani kilikuwa kumtikisia kichwa, kumkonyeza, kumwambia mwanangu usile. Angetii. Angekuwa ametii tu kwa mara nyingine. Akauma ulimi, akamgeuzia mwanawe mgongo, akasimama akiutazama ukuta wa Bunge, mahali ulipotundikwa mchoro wa ng'ombe.

Akasikia kijiko kikiinuliwa. Akasikia kikikaa hewani. Watu mia nne walikuwa wanapumua. Otilia alimkazia macho ng'ombe ukutani mpaka ng'ombe akaanza kucheza.

Kijiko kikarudi mezani.

"Sitaki," alisema Anselmi.

Hakulisema kwa sauti kubwa. Lilitoka na kutu, kama kitu kilichokaa chini ya kitanda miaka mingi. Lakini chumba kile kilijengwa ili wabunge wasikike hata wakinong'ona, na wote walilisikia.

Karani wa Daftari aliamka. Akachovya kalamu. Kwa kuwa ndiyo kazi yake, na kwa kuwa hakuna sheria inayosema Waziri Mkuu asiandikwe, akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Anselmi, mwana wa Otilia, amepinga supu. Mahali, Bunge. Hali ya hewa, jua kiasi."

"Futa," alisema Bwana Vendelini.

"Daftari halifutwi, bwana."

"Basi andika kwamba alitania."

"Ulitania, mheshimiwa?" karani alimuuliza Anselmi.

Anselmi alifikiri. "Hapana," alisema, akashangaa mwenyewe. Hilo nalo likaandikwa.

Palitokea vurugu ya heshima. Mtu aliyemo kwenye Daftari hawezi kuwa Waziri Mkuu hata wa siku moja, sembuse wa kudumu. Mlima ukalilaumu Bonde, Bonde likaulaumu Mlima, Katikati wakaomba maoni yao yahesabiwe. Anselmi alikuwa anavua tai, moja baada ya nyingine, na kuziweka juu ya kiti. Ndipo Bwana Vendelini, jasho jembamba likimtoka, akakumbuka jambo.

"Tume ilisema wawili," alisema. "Watu wawili hawamo. Yule mwanamke wa bondeni ni nani?"

Karani akafungua, akafunua, akafuata kwa kidole. Akainua kichwa taratibu. Macho yake yakaenda kwa mwanamke aliyekuwa bado anatazama ng'ombe ukutani.

Bunge zima likageuka. Bwana Vendelini akarekebisha kofia, uso wake ukachanua kama wa mtu aliyekuta mwavuli wake.

"Mama yetu mpendwa. Kwa kuzingatia kwamba, na kwa kuwa, taifa linakuomba."

Otilia aligeuka. Lile neno lilikuwa tayari mdomoni, limekaa mahali pake pa siku zote, laini kwa kutumika. Alimwona Anselmi, shingo wazi bila tai, anamtazama. Safari hii hakuwa anatafuta jibu. Alikuwa anangoja kuona tu.

Akaisogelea meza. Akachukua kijiko, akachota, akaonja. Akameza kwa shida. Akakiweka kijiko chini.

"Supu hii ni mbaya," alisema. "Nimeila kwa wifi yangu miaka ishirini na mbili, kila sikukuu, na kila mara nilisema haina neno. Siitaki. Sijawahi kuitaka. Na kazi yenu siitaki, na mnara wenu siutaki, na mwanangu naondoka naye."

"Taratibu, mama," alisema karani, anaandika mbio. "Wifi anaitwa nani?"

Frida, kule kwenye ngazi, alipiga makofi peke yake, akaandikwa ukurasa wa kumi na tano kwa kupinga ukimya.

*

Anselmi alirudi kiwandani Jumatatu. Siku hiyohiyo alikataa makopo arobaini na mawili, na mfugaji mmoja alilia. Jibini la bonde sasa ni zito, gazeti halisomeki tena kupitia kwake, na watalii wamepungua. Jumamosi alionja la mama yake, akatafuna, akasema: "Hili umezidisha chumvi, mama." Otilia aliingia jikoni akafunga mlango, akalia kidogo kwa uchungu na kidogo kwa raha, kisha akapunguza chumvi.

Nchi, kwa sasa, inaongozwa na kile kiti. Kina tai tatu juu yake, hakijapinga kitu, na umaarufu wake unapanda.

Lakini wiki iliyopita, kwenye foleni ya mkate, Frida alisema amesikia kwa mke wa mtu wa posta kwamba miguu ya kiti imeanza kulegea, na kwamba watu wenye kofia ndefu wameonekana wakizunguka shule za msingi, wanawauliza walimu ni mtoto gani hasumbui hata kidogo. Otilia aliosha vyombo, uvumi ukabaki. Basi akatafuta kalamu, akaandika karatasi kwa herufi za darasa la nne, akaibandika kwenye mlango wa duka la mikate, ambako kila mwenye mtoto lazima apite.

Mambo ya kuepuka:

Usimfinye mtoto chini ya meza.

Usimjibie akiulizwa anataka nini, hata akichelewa.

Usiseme "huyu wangu hana shida" mbele ya wageni. Wakiwa na kofia ndefu ndiyo kabisa.

Usimvalishe sweta kabla ya kumuuliza kama anasikia baridi.

Usimfungulie mlango mtu anayeanza kuongea kwa "kwa kuzingatia".

Usipokee tai.

Usipende sana kusifiwa kanisani.

Usile kitu usichokitaka mbele ya mtoto ukamwambia ni kitamu. Anakuona.